Barua Yenye Niliandikia Baba

Baba yangu hakuogopa prison. Ninatanguliza kusema ile juu batu mingi ya kartye yetu, hapa Beni mu komini ya Ruwenzori, banasemaka mpaka leo kama tulisumbuka na apele, ile kuomba tribinali kubwa isikilize tena mambo, juu muzee alikuwa anaogopa kufungwa. Uongo mutupu. Juji ya tribinali ndogo alimukatia mwezi moja ya prison, lakini na sirsi, maana yake unarudi kwako, unalala mu kitanda yako, na kama haufanyi tena kosa hakuna mutu atakuya kukubeba. Siku ile tulitoka mule, mutu moja ya kartye akamupatia baba mukono na kicheko: "Tata, umeponyoka!" Baba akamuangalia tu, akapita.

Kitu yenye ilimuuma ni Meza ya Bwana. Kanisa yetu iko na sheria yake, na haina muchezo: mutu mwenye tribinali imehukumu, hata kama ni juu ya kuku, hakuli mukate wala hakunywi kikombe mpaka mambo yake inyooke. Baba alikuwa shemasi tangu mimi niko mutoto. Wakati mama alikufa, alilia siku tatu, kisha siku ya Mungu akaenda ku Meza na macho mekundu, akatuambia kama pale njo anasikiaka mama hayuko mbali. Sasa bazee ba kanisa bakamuambia akae nyuma, ku biti ya mwisho, pamoja na bale benye habajabatizwa. Mutu ya miaka makumi saba na kitu! Nilimuona anakaa pale katikati ya batoto ba katekismu, na hasira ikanikamata.

Kulikuwa njia mbili tu ya kutoka kule nyuma. Ya kwanza, tribinali kubwa ivunje ile hukumu. Ya pili, atubu: asimame mbele ya kanisa yote, aseme kosa yake na kinywa yake mwenyewe, aombe musamaha. Ile ya pili baba hakutaka hata kuisikia.

"Nitubu nini?" akaniuliza. "Nimuambie Mungu kama nilingoa miti yenye sikungoa? Yeye si alikuwa pale?"

Niseme basi mambo ya ile miti. Tuko na shamba kwa upande ya milima, maharagi na mihogo, na kati ya shamba yetu na ya jirani kulikuwa mustari ya miti midogo ya mupaka, ile bazee ba zamani balipandaka juu haikufi mbio. Vita ikatukimbiza, sisi na ule jirani na kila mutu. Tulikaa karibu miaka mbili bila kukanyaga kule. Baba njo alirudi wa kwanza, juu iko na kichwa nguvu, na akakuta mupaka haiko. Nani aliingoa? Mbuzi, moto ya kiangazi, batu benye kupita benye kutafuta kuni, mimi sijui, na hakuna mutu anajua. Baba akapima na macho, akapanda maharagi. Wakati jirani alirudi, maharagi ilikuwa imeingia kwake hatua tano ao sita.

Hatua tano! Kama bangekaa chini siku ile, na termos ya chai, ingeisha mbele ya jua kuzama. Lakini ule jirani alikuwa amerudi na uchungu yake, nyumba yake ilikuwa imeangukia chini, na baba yangu naye hanaka kinywa ya asali. Bakagombana kule kule mu shamba, na majembe mu mikono. Jirani akaenda kushitaki, akaapa kama alimuona baba akingoa. Kwa tribinali, juji akasema mutu mwenye kupanda juu ya mupaka njo mwenye kuingoa. Ilichukua nusu saa, na tulikuwa tumengoja ku mulango tangu asubui.

Avoka, ule mwenye kusemea batu ku tribinali, hatukukuwa naye. Franga ya kumulipa haikukuwa, lakini hata kama ingekuwa, baba angekataa. "Mutu mwenye kusema kweli anakodesha kinywa ya mwingine juu ya nini?" Njo vile alisema, na mimi, bure kabisa, nikamusifu. Niko mwalimu ya mwaka ya sita mu masomo, shule ya kanisa yetu. Niko mujane, batoto bane, na ile kazi njo inatukulisha. Miaka yote hii ninafundishaka batoto kuandika barua mu Kifaransa: fasi ya tarehe, fasi ya jina, hapa unasalimia, hapa unaomba, hapa unatia sinyatire. Donc nilijiona avoka. Nikamuambia: "Baba, si kuko mimi?" Akaitika na kichwa, na uso yake ikafunguka kidogo. Ile "kuko mimi", ah, kama kungekuwa namna ya kuimeza tena, ningeimeza.

Apele inaombwaka ndani ya siku kumi. Nilijua ile juu niliuliza, nikauliza tena, mpaka grefye, ule mwenye kuandika mambo ya tribinali, akachoka na mimi. Alikuwa mwanaume mupole, serkali ilimutuma hapa kutoka mbali, Kiswahili yake ilijaa Lingala. Siku ya nane tukaingia mu biro yake, baba na koti yake, mimi na bloc-notes yangu ya kuandikia.

"Maman, avocat wapi?" akaniuliza.

"Avoka ni mimi."

Akacheka, lakini si kicheko mubaya. Akavuta kitabu kubwa, akatuambia haikuombi barua, inatosha muzee aseme tu kama hakubali hukumu, yeye ataandika. Nilisikia hata haya, juu nilikuwa nimeandika kurasa tatu. Nikamupatia tu. Baba akasema: "Sikubali." Kisha akatia sinyatire yake pole pole, herufi kwa herufi. Baba anasoma Biblia yake ya Kiswahili kutoka mwanzo mpaka mwisho, Kifaransa njo hapana. Tulitoka mule na furaha, tukanunua ndizi, tukakula tukitembea, na baba akaniita "avoka yangu" mpaka ku nyumba.

Tribinali kubwa yenye ingesikia apele ilikuwa Butembo. Mara ya kwanza tulienda, dosye, makaratasi ya mambo yetu, ilikuwa haijafika. Mara ya pili juji alikuwa hayuko. Kila mara tulilala kule kule Butembo, mu komini ya Mususa, kwa shangazi, dada ya baba, mwenye kushona manguo ku mulango ya nyumba yake na kusema na kila mutu mwenye kupita. Shangazi habebi neno mu tumbo. Ile mara ya pili, wakati tulirudi na mavumbi mpaka mu masikio, akaacha mashini yake, akamutazama baba.

"Yaya, kaka yangu, mutazeekea mu barabara? Ule mutu iko jirani yako. Kesho kutwa utakufa, yeye njo atachimba kaburi. Si uende kwake na kuku?"

"Ni yeye alinishitaki," baba akasema.

"Na wewe uko na miguu, ao iko yeye tu mwenye miguu?"

Baba akavua koti yake, akaipangusa mavumbi. Mu bisi ya kurudi Beni, nilimusikia anacheka peke yake, akasema: "Huyu dada, kinywa yake!" Nikajua kama ataenda.

Sasa munisikie vizuri hapa, juu njo fasi yenye niliharibu. Kwetu, wakati batu babili banapatana, kila mutu anajibebesha kosa yote. Mwenye kufika na kuku anasema: "Mimi njo nilikosa, mimi njo niliharibu." Mwenye kupokea hamuachi afike mwisho, anamukatiza: "Ala, hapana! Mimi njo nilikosa, mimi njo nilikuwa na kinywa mubaya." Banavutana vile, kila mutu anataka kuwa mwenye zambi kupita mwenzake, mpaka bamama ku jiko banaanza kucheka. Kuku inachinjwa, batu banakula, na ile maneno inabaki pale pale, pamoja na mifupa. Kesho yake hakuna mutu atakukamata mu njia na kukuuliza: kumbe uliungama kama uliharibu? Mutu mwenye kuuliza vile bangemuona kama hajalelewa.

Basi siku ya posho, ile yenye kutangulia siku ya Mungu, tukaenda. Jirani alikuwa amejenga kinyumba ya mabati pembeni ya ile yenye ilianguka. Baba akasimama ku mulango na kuku chini ya mukono, akavua kofia.

"Jirani yangu," akasema, "mimi njo nilingoa ile miti. Mimi njo nilikula udongo yako. Unisamehe."

Jirani akainuka mbio, karibu amwange bakuli yake. "Tata, usiseme vile! Mimi njo nilikosa. Nilikimbilia ku serkali mbele ya kukimbilia ku mulango yako. Na hata sikukuona ukingoa, ilikuwa tu hasira. Ni mimi, ni mimi."

"Hapana, ni mimi."

"Tata, nimekataa. Ni mimi."

Bibi ya jirani akacheka, akamupokonya baba kuku. Tukakula bundu, ugali ya mihogo, na ile kuku, na mboga ya lengalenga, na baba akakula sawa vile sikumuona akikula tangu hukumu. Kisha bale bazee babili bakaenda mu shamba, bakavuta kamba, bakapanda miti mipya ya mupaka, baba anachimba, jirani anakamata muti isimame sawa. Nilikuwa nabaangalia kutoka mbali, na nilimushukuru Mungu. Kweli, kama ningebaki vile, na mikono yangu juu ya magoti, mambo ingekuwa imeisha.

Mais mwalimu ni mwalimu. Wakati balirudi na udongo ku mikono, nikasema: "Sasa tuandike."

"Tuandike nini, mama mwalimu?" jirani akauliza. "Si tumeshakula?"

"Karatasi inalinda batu," nikamujibu. Ile sauti yangu ya ku masomo, ninaijua. Hakuna mutu alinibisha, juu batu banaheshimuka mwenye kujua Kifaransa, na ile heshima inatuharibuka kichwa.

Nikapasua karatasi mbili mu kaye yangu. Nikaandika maneno yenye baba alisema ku mulango, neno kwa neno, nikaivalisha Kifaransa muzuri: *J'ai arraché de mes mains les arbustes de la limite.* Hata "na mikono yangu" niliongeza mimi, juu ilisikika muzuri. Maneno ya jirani sikuandika. Si kwa ubaya. Nilikuwa na sheria yangu ya darasa: barua moja, mutu moja, mwenye kuomba anaandika, na mwenye kujibu ataandika yake siku ingine. Baba alikuwa anachokoa meno, anacheka na bibi ya jirani. Akaniuliza: "Ni ya kupatana?" Nikasema ndiyo. Akatia sinyatire.

Na ile barua njo mimi mwenyewe niliipeleka Butembo. Hakuna mutu aliniomba. Nilifikiri juji akiona kama balipatana, atauliza nini tena? Nikaipeana mu biro ya tribinali kubwa, bakapiga tampon, muhuri yao, bakaitia mu dosye. Nililala kwa shangazi usingizi muzuri sana.

Siku ya kusikilizwa, salle ya tribinali ilijaa. Juji alikuwa mwanamuke ya miaka yangu, wa kutoka provense ingine, mwenye adabu. Aliongea Kifaransa na bale benye kuvaa manguo nyeusi, na Kiswahili na sisi, Kiswahili ya polepole yenye kusikilika. Akamuita kwanza jirani. Jirani akasimama, akasema: "Mama juji, mimi na muzee tumepatana. Mimi sina tena neno." Nilimufinya baba mukono chini ya biti.

"Ni vizuri kabisa," juji akasema. "Lakini kupatana hakuondoi kosa, kama kosa ilikuwa." Akafungua dosye, akatoa ile karatasi yangu ya kaye. "Muzee, hii ni sinyatire yako?"

"Ni yangu."

"Karatasi inasema nini?"

"Inasema tulipatana."

Juji akaisoma tena, kisha akauliza nani aliandika. Nikasimama. Nilikuwa bado sijaelewa, niseme kweli. Nilikuwa karibu kungojea anisifu. Akaninyoshea karatasi. "Muzee hasomi Kifaransa. Umusomee mu Kiswahili, kila mutu asikie."

Nikakamata ile karatasi, nikaona mustari ya kwanza, na pale njo nikaelewa. Kudanganya haikuwezekana, mama juji alikuwa anajua kile imeandikwa. Nikasoma. "Nilingoa na mikono yangu miti ya mupaka ya jirani yangu, nikalima udongo yake, na ninamuomba musamaha." Mu salle mutu moja akapiga miruzi, bakamunyamazisha.

Baba akanigeukia. Hakukuwa na hasira. Alikuwa na uso ya mutu mwenye kutafuta kitu mu mifuko yake na haioni.

"Uliandika ile?"

"Ndiyo, baba. Njo ulisema."

"Nilisema. Lakini yeye naye alisema. Yake iko wapi?"

Yake haikukuwa popote. Jirani akainuka bila kuitwa. "Ni kweli, mama juji! Mimi pia nilisema kama nilikosa, nilisema hata sikumuona. Tulikuwa tunapatana tu! Njo vile tunapatanaka!" Juji akamusikiliza mpaka mwisho, na ninafikiri alimuelewa. Lakini akamukumbusha kama ku tribinali ndogo aliapa kitu ingine, na akamuuliza kama anataka kusema aliapa uongo. Iko na batoto saba, ule mutu, siwezi kumulaumu. Akakaa.

Pale mimi nikapiga kelele. Sikuomba ruhusa. "Ni mimi! Baba hakungoa kitu! Ni mimi niliandika vile!"

"Madame," juji akasema, "kama muzee hakungoa, basi uliandika uongo, ukaileta mwenyewe mbele ya tribinali. Ile njo unataka tuandike?"

Nilifungua kinywa ili niseme ndiyo. Naapa, nilikuwa tayari. Lakini baba alikuwa ameshasimama, kofia mu mikono.

"Mumuache mutoto," akasema. "Aliandika yenye nilimutuma."

Bakaacha hukumu ya Beni isimame vile ilikuwa. Tulienda kuisikia kisha siku kidogo, na ilikuwa maneno mafupi. Kwa shangazi hatukukula. Shangazi mwenyewe, mwenye kinywa ile yote, alitandika kitanda, kisha akaenda nyuma ya nyumba, nikamusikia analia: yeye njo aliwaza kuku. Nikaenda kumuambia kama kuku haikukosa. Kuku ilikuwa sawa kabisa. Tukalia pamoja.

Nilifikiri mubaya imeishia pale. Kumbe hapana. Bazee ba kanisa bakatuita, juu habari ya ile barua ilifika Beni mbele yetu. Tulikaa mu biro ya pasta, baba na mimi, na bazee batatu. Pasta akauliza kwa upole kama sasa muzee atatubu, ili mambo iishe. Baba akajibu vile anajibuka: hawezi kutubu kitu yenye hakufanya. Muzee moja, mwenye kusimamia masomo yetu, akatoa miwani.

"Basi barua ni uongo. Na kama ni uongo, tutamuita mwalimu ajibu. Mutu mwenye kuandika uongo na kuipeleka ku tribinali, anafundisha nini batoto yetu?"

Hakusema kwa ubaya. Ile njo ilinichoma, kila mutu mu mambo hii alisema na upole. Nikamujibu moto moto kama banaweza kukamata kazi yao, banaweza kuniandika fasi yenye banataka, mimi nilikosa, baba hakukosa, na habari imeisha. Nilikuwa nasema nikisimama, kidole juu. Baba akanivuta nguo nikae.

Mu njia nikamuomba. Nilimuomba na machozi, mbele ya bamama benye kuuzisha makala ya kupikia. "Baba, acha banihukumu mimi. Nitatafuta kazi ingine. Nitalima."

"Utalima wapi? Mu shamba yenye tunaweza kukimbia kesho tena?" Akatembea kidogo. "Bale batoto bane, baba yao iko mu udongo. Mama yao atakosa kazi juu ya mustari moja ya miti?"

"Lakini ulisema kama Mungu alikuwa pale."

"Iko pale hata sasa," akasema. Kisha akaniuliza kama mu nyumba kungali chumvi.

Siku ya Mungu ya kufuata akatoka ku biti ya nyuma, akapita katikati ya kanisa yote. Nilitaka kufunga macho, sikuweza. Akasimama mbele, akasema: "Nilingoa miti ya jirani yangu. Mahakama imesema kweli. Ninaomba Mungu na kanisa munisamehe." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Batu bakapiga mikono, bamama bakapiga vigelegele, pasta akamukumbatia, na kwaya ikaanza wimbo. Mama moja pembeni yangu akaniambia: "Wasingya, aksanti Yesu! Baba yako amerudi." Alikuwa analia na furaha, na mimi nilikuwa nalia, na alifikiri ni kitu moja.

Wiki mbili kisha ilikuwa siku ya Meza. Baba alivaa koti yake, akanyoa ndevu. Bakamuita mbele, na akanikamata mukono ili nikae pembeni yake. Tukaimba. Pasta akaombea mukate, bakaanza kuipitisha, biti kwa biti. Wakati sahani ilifika kwetu, baba akaipokea na mikono mbili, akainamisha kichwa, akaomba muda murefu, mpaka mama mwenye alikuwa nyuma yetu akakohoa. Kisha akanipatia sahani bila kukamata kitu.

"Baba, kula," nikamunongoneza. "Si bamekurudishia?"

"Kule nyuma ningekula bila woga," akasema, polepole, vile anasemaka na mutu mugonjwa. "Leo hapana. Nimesema uongo ndani ya nyumba ya Mungu."

Nilitaka kupitisha sahani mimi pia, nilikuwa nimeshaanza kuinyosha. Akaweka mukono yake juu ya yangu, akaizuia.

"Wewe, kula," akasema. "Juu wewe ubaki ku Meza, njo nilifanya ile."

Akanitazama. Hakuacha kunitazama mpaka nikakamata kipande ya mukate, nikaitia mu kinywa, nikaimeza.